Kabla ya Kuuza Mikorosho



Mwezi huu tunaweka kando mapishi na homa za watoto. Tunataka tuketi pamoja juu ya neno ambalo siku hizi linaingia katika nyumba nyingi za vijana. Huingia usiku, watoto wakiwa wamelala, baba au mama akiwa na simu mkononi. Neno lenyewe ni hili: "Kwa nini nasi tusihamie Kanada?"

Neno hilo tulilikuta Nandagala, wilayani Ruangwa, katika nyumba ya familia changa. Mama wa nyumba ana miaka 29, ni muuguzi mwenye stashahada, na amefanya kazi katika zahanati kwa miaka mitano. Baba ana miaka 34, ni mhasibu mwenye shahada, na yuko kazini kwa mwaka wa saba. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 2. Yupo pia mama mkwe, mjane, ambaye ndiye hubaki na wajukuu mama anapokuwa zamu. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mikorosho aliloliacha marehemu baba mkwe.

Mama yule alitupokea vizuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Mumewe alikuwa amepata wakala. Wakala alimwambia kuwa ana alama 73 na zinazotakiwa ni 67, kwa hiyo amekwisha kupita. Alitaka shilingi milioni 3 za "kuingiza jina", na akashauri shamba liuzwe upesi, kabla ya msimu, ili fedha za kujikimu ziwe benki. Mnunuzi naye alikwisha kupatikana.

"Sikatai kwenda," alituambia mama yule. "Ninachokataa ni kuletewa habari mambo yakiwa yamekwisha."

Tulimwomba baba wa nyumba aketi nasi, naye kwa uungwana wake akakubali. Mama mkwe alikuwa mkekani akipembua mbaazi. Tulipotaka kumpisha akasema, "Nami nitasikia, maana shamba ni la mume wangu." Basi tukachukua daftari la mtoto, tukaanza kuhesabu.

Mlango wa kwanza na mlango wa pili

Kanada ndiyo iliyoanza kuchagua wahamiaji kwa alama, mwaka 1967. Kabla ya hapo ilitazama zaidi mtu ametoka nchi gani, na watu wa Ulaya ndio waliopendelewa. Baada ya hapo ikaanza kutazama umri, elimu, kazi na lugha. Kwa sisi watu wa Afrika hayo yalikuwa mabadiliko mema, na wako Watanzania waliokwenda kwa njia hiyo wakafanikiwa. Hivyo ndoto ya vijana hawa haikuwa ya kuchekwa.

Tangu Januari 2015 maombi hayo hupita katika mpango uitwao Express Entry. Mpango huu una milango miwili, na hapo ndipo wakala alipoficha jambo.

Mlango wa kwanza unataka alama 67 katika 100. Baba tulimhesabia hivi: umri 12, elimu 21, kazi 15, Kiingereza 20 kama atafaulu vizuri, na 5 kwa kuwa mkewe naye anajua Kiingereza. Jumla ni 73. Mpaka hapo wakala alisema kweli.

Lakini anayepita mlango wa kwanza huwa ameruhusiwa kusimama kwenye foleni tu. Katika foleni hiyo watu hupangwa upya kwa hesabu nyingine, ambayo kilele chake ni alama 1,200. Serikali ya Kanada huita watu kwa duru, ikianza na wenye alama nyingi. Asiyefikiwa hungoja, na baada ya miezi 12 jina lake huondoka. Huo ndio mlango wa pili, na wakala hakuutaja kabisa.

Hesabu ya baba na hesabu ya mama

Mume na mke wakiomba pamoja, mmoja wao huwa ndiye mwombaji mkuu na mwenzake humwongezea alama kidogo. Katika nyumba nyingi jina la baba huandikwa la kwanza bila kuulizana. Sisi tuliwahesabia wote wawili kwa kanuni za mwaka 2025, tukichukulia kwamba stashahada ya mama itapimwa kuwa sawa na ya miaka miwili ya huko.

Baba akiwa mkuu: umri wa miaka 34 unampa 75, shahada 112, Kiingereza cha kiwango cha 8 alama 88, mchango wa mke 19, na elimu na kazi zikiunganishwa na lugha 38. Jumla ni 332.

Mama akiwa mkuu: umri wa miaka 29 unampa 100, stashahada 91, Kiingereza cha kiwango kile kile 88, mchango wa mume 20, na ile hesabu ya kuunganisha 38. Jumla ni 337.

Baba alitazama daftari kimya, kisha akamtazama mkewe. "Kumbe wewe ndiye unayetuvuka," akasema. Mama yule hakujibu, ila tuliona akikaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Tofauti ni alama 5 tu, lakini kuna jambo kubwa zaidi. Tangu mwaka 2023 Kanada huwa na duru za watu wa kazi maalumu, na watumishi wa afya wamo. Uhasibu haukuwamo katika orodha ya mwaka 2025. Kwa hiyo duru ambayo ingewafaa watu hawa ilikuwa ya mama.

Je, 337 zinatosha? Hapana. Katika mwaka 2025 duru za watumishi wa afya zilitaka alama zaidi ya 460. Tukauliza tena: Kiingereza kikipanda hadi kiwango cha 9? Katika mtihani wa IELTS hiyo ni 8 katika kusikiliza, na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza. Mama angefika 402 na baba 397. Bado.

Akisoma shahada ya uuguzi akamaliza ana miaka 32? Umri utampunguzia alama 15, kwa maana tangu miaka 30 kila mwaka hula alama 5. Lakini vyeti viwili vitamwongezea zaidi ya hizo, afike 440. Bado kidogo.

Kifaransa je? Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Mtu mwenye Kiingereza na pia Kifaransa cha kiwango cha 7 katika stadi zote nne, kwa hesabu ya mama huyu, huongeza alama 62. Zile 402 zingekuwa 464, na zile 440 zingekuwa 502. Tena wazungumzaji wa Kifaransa wana duru zao. Machi 2025 duru yao moja ilishuka hadi alama 379, lakini Agosti mwaka huo huo nyingine ikapanda hadi 481. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana heri hapo. Kwa mtu wa Nandagala anayeanzia salamu, ni kazi ya miaka, na haina njia ya mkato.

Tunawaandikia tarakimu hizi zote ili mwone jambo moja: "kupita" ni neno linalohitaji kuulizwa. Umepita mlango upi? Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara. Machi 2025, kwa mfano, Kanada iliondoa alama za nyongeza walizokuwa wakipewa wenye ahadi ya kazi katika hesabu ile ya 1,200. Kwa hiyo kila anayetaka kujipima atazame kanuni za siku hiyo katika tovuti ya serikali ya Kanada yenyewe. Humo kuna kikokotoo cha alama, nacho ni bure. Kujaza jina kwenye foleni nako ni bure. Zile milioni 3 za kuingiza jina zilikuwa za kununua kitu kisichouzwa.

Shamba na fedha za kujikimu

Kanada hutaka familia isiyo na kazi huko ionyeshe akiba ya kuanzia maisha. Mwaka 2025 familia ya watu wanne ilitakiwa kuwa na dola za Kanada 28,362, yaani kiasi cha shilingi milioni 50. Fedha hizo haziruhusiwi kuwa za mkopo. Shamba au nyumba havihesabiwi, hata kama thamani yake ni kubwa. Na kiasi hicho kinatakiwa kiwepo tangu mtu anapojaza fomu ya foleni.

Ndiyo maana wakala alisema shamba liuzwe. Lakini tazameni mtego ulipo. Watauza mikorosho leo, fedha zikae benki, jina likae kwenye foleni miezi 12 na alama 332, na duru zipite juu ya vichwa vyao. Mwaka ukiisha hawana mwaliko na hawana shamba. Fedha taslimu mnajua tabia yake: ada ya shule, msiba, pikipiki ya shemeji. Mkorosho ukiutunza kwa palizi na salfa hukuletea mnada kila msimu, mwaka mzuri na mwaka mbaya.

Nje ya akiba kuna gharama nyingine. Kwa viwango vilivyowekwa Aprili 2024, mtu mzima alilipa dola za Kanada 1,525 na mtoto 260. Kwa familia hii ni dola 3,570, zaidi ya shilingi milioni 6. Ongezeni mtihani wa lugha kwa wote wawili, upimaji wa vyeti, vipimo vya daktari, na nauli. Majibu ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili tu, basi anayefanya mapema mno huweza kulipa tena.

Na hata baada ya mwaliko, muuguzi hapewi wodi siku ya kufika. Leseni hutolewa na majimbo ya Kanada, kila jimbo kwa utaratibu wake, na wenye stashahada huweza kuambiwa waongeze masomo kwanza. Alama humpa mtu ruhusa ya kuishi. Ruhusa ya kuvaa sare ya uuguzi ni safari nyingine.

Milango mingine

Baba aliuliza, "Na Australia? Na Uingereza?" Ni swali la haki.

Australia nayo huhesabu alama. Kiwango cha chini ni 65, mwombaji awe hajafika miaka 45, na umri bora ni kati ya 25 na 32, unaotoa alama 30. Mwenzi mwenye ujuzi unaokubalika na Kiingereza kizuri huongeza hadi 10. Lakini kabla ya yote taaluma hupimwa na chombo cha huko, na kufikisha 65 hakumaanishi kuitwa. Ni kama ile foleni ya Kanada.

Uingereza ina alama 70, ila huwezi kuzifikisha bila mwajiri mwenye kibali aliyekuahidi kazi. Hapa tunaomba msikilize sana, maana wasichana wetu wengi wanaahidiwa kazi ya kutunza wazee huko. Tangu 11 Machi 2024 watunzaji wapya hawakuruhusiwa kwenda na mume wala watoto. Na tangu 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji kutoka nje umefungwa. Mtu anayekuuzia nafasi hiyo anauza hewa. Kwa wauguzi, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, na Uingereza hairuhusu mawakala kuja kuwavuna katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja, lakini anayekufuata nyumbani na fomu umuulize kibali chake.

Jambo la mwisho kuhusu mawakala: msikubali cheti cha kazi cha kubuni wala akiba ya kuazima ya wiki mbili. Kanada ikigundua uongo katika fomu humfungia mwombaji miaka mitano, na jina linalochafuka ni lenu.

Hesabu isiyo kwenye fomu

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Hesabu yake ilipigwa mbali, ikaonekana nzuri sana karatasini. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Walihesabu ekari na matrekta, hawakuuliza vya kutosha udongo na mvua. Nasi katika nyumba zetu tunaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo tuligeuza ukurasa wa daftari, tukaandika yale ambayo fomu haiulizi. Nani atabaki na mtoto wa miaka 2 wazazi wote wakiwa kazini? Hapa Nandagala jibu limeketi mkekani. Katika ombi lile mama mkwe hawezi kuandikwa, kwa kuwa familia inayohesabiwa ni mume, mke na watoto. Nani atakaa naye? Nani atasimamia palizi na kupeleka korosho ghalani? Nani atakuwa wa kwanza kukubali kazi ya chini ya elimu yake, na je, ndoa itamvumilia? Siku moja watachukua uraia wa huko? Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukazi wa kudumu peke yake haumwondolei mtu Utanzania.

Upande wa pili wa ukurasa tuliandika faida, kwa haki ile ile: shule za watoto, mshahara wa muuguzi mwenye leseni, na kuwa familia yote inakwenda pamoja badala ya baba kutangulia na kukaa miaka bila wenzake. Hizo si faida ndogo. Mama wa nyumba mwenyewe alisema, "Mimi naipenda kazi yangu, lakini nataka pia nijue kama ninaweza."

Ndipo mama mkwe akaweka ungo chini. "Kwenda si kosa, wanangu," akasema. "Baba yenu naye alitoka kwao Newala akaja huku. Lakini alikuja kwanza akaona, akalima msimu mmoja, ndipo akaniita. Na kwao hakuuza kitu."

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

Walivyoamua

Siku ile hawakuamua kwenda wala kubaki. Waliamua mambo manne, nasi tunayaandika kwa idhini yao.

Kwanza, wakala aliambiwa hapana, na mnunuzi wa shamba akaombwa radhi. Pili, mama ataomba nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi, kwa kuwa shahada hiyo itampa cheo hata akibaki hapa, na itampa alama akienda. Tatu, wote wawili watajifunza Kiingereza cha mtihani jioni, nusu saa kila siku, na mtihani wenyewe watafanya watakapokuwa tayari. Kifaransa mama atakijaribu mwaka mmoja aone kama kinaingia. Nne, sehemu ya malipo ya korosho ya kila msimu itawekwa katika akaunti yenye majina ya wote wawili, isiguswe. Mama akimaliza shahada watafungua daftari tena, pamoja na bibi, wahesabu kwa kanuni za wakati huo.

Tulimwuliza mama yule kama ameridhika. Akatabasamu. "Haraka ninayo," akasema, "maana mwakani natimiza 30 na alama zinapungua. Lakini usiku nitalala."

Mama msomaji, kama neno hili limeingia nyumbani kwako, usilifukuze na usilikimbilie. Omba daftari. Hesabu jina la baba, kisha hesabu jina lako. Uliza ni mlango upi uliopitwa. Tazama duru zilizopita zilitaka alama ngapi. Andika ukurasa wa pili, ule wa watu na udongo. Na mpaka hesabu hizo ziwe zimesomwa na wote zinaowahusu, shamba lisiuzwe.

Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao.